Kundi la vitabu WhatsApp: taja sura, usitaje ukurasa

Mkisoma kitabu kimoja kwenye kundi la WhatsApp, acheni kuandikiana "angalia ukurasa wa 74". Mmoja ana nakala ya karatasi, mwingine anasoma kwenye simu ambako kurasa hubadilika kadiri unavyokuza herufi. Na mkisoma *Peponi*, tafsiri ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, huku wengine wakiwa na *Paradise* ya Kiingereza, kurasa hazitakutana kabisa. Taja sura, kisha nukuu maneno matano sita ya mwanzo wa sentensi. Kila mtu ataifikia.

Jambo la pili, na hili naliona zito zaidi: anza ujumbe wako kwa kusema umefika wapi, "Nimemaliza sura ya 3", halafu ruka mistari kadhaa kabla ya kueleza yaliyotokea. Ujumbe ukiwa mrefu, WhatsApp huficha sehemu ya chini mpaka mtu abonyeze mwenyewe. Wasomaji wa polepole mara nyingi ndio wanaoona mengi. Tukiwamwagia mwisho wa hadithi, wananyamaza, na kundi linabaki la watu watatu.

Sauti ndefu tuzipunguze pia. Maandishi unaweza kuyatafuta baadaye.