Jinsi ya kutafuta kwa usahihi katika Google kwa Kiswahili

Anayeandika neno ndege katika kisanduku cha Google huchanganyiwa ndege wa porini na ndege za abiria, kwa sababu neno moja limebeba vitu viwili. Maneno ya namna hiyo ni mengi katika lugha yetu, na ndiyo maana ninaona kwamba anayetafuta kwa Kiswahili ana haja kubwa ya kuzijua alama za utafutaji. Tuchukue mfano wa mtu anayetaka takwimu za sensa ya Tanzania ya mwaka 2022.

Aanze na alama za usemi. Maneno yakiachwa wazi, Google huweza kuleta kurasa ambamo yametawanyika. Yakifungwa hivi, "sensa ya watu na makazi", huletwa kurasa zenye maneno hayo kwa mpangilio huohuo. Kisha abane mahali pa kutafuta kwa amri ya site, na aina ya faili kwa amri ya filetype, kwa kuwa taarifa rasmi nyingi hutolewa kama PDF:

"sensa ya watu na makazi" 2022 site:go.tz filetype:pdf

Anwani zinazoishia na go.tz ni za serikali ya Tanzania, go.ke ni za serikali ya Kenya, na ac.tz ni za vyuo vya Tanzania. Ukiijua taasisi yenyewe, bana zaidi: site:nbs.go.tz ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa njia hii idadi ya watu 61,741,120 utaisoma katika taarifa yenyewe, si kwa aliyeinukuu. Angalia sana nukta pacha: ukiacha nafasi baada yake, yaani site: go.tz, amri haifanyi kazi.

Kuondoa maana usiyoitaka, tumia kistari: ndege -abiria -uwanja. Kistari kigusane na neno linalofuata, na kitanguliwe na nafasi.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni ngeli. Alama za usemi hushika umbo lilelile uliloandika, kwa hiyo "mkulima" haitakuletea ukurasa wenye wakulima peke yake. Dawa yake ni OR, yaani au, ambayo lazima iandikwe kwa herufi kubwa:

korosho "mkulima" OR "wakulima" site:go.tz

OR hiyohiyo husaidia pale ambapo taarifa ya serikali imeandikwa kwa Kiingereza, jambo la kawaida Tanzania na Kenya. Katika mfano wetu wa sensa, ongeza OR "Population and Housing Census" mara tu baada ya "sensa ya watu na makazi", nawe utapata nyaraka za lugha zote mbili.

Kwa tarehe zipo after (baada ya) na before (kabla ya), mfano after:2022-10-31, siku matokeo ya mwanzo ya sensa hiyo yalipotangazwa. Lakini tarehe za kurasa hukadiriwa na mtambo wenyewe, kwa hiyo zihakiki ndani ya waraka.

Mitambo mingine ya kutafuta, Bing na DuckDuckGo, nayo inazitambua site, filetype na kistari, ingawa katika DuckDuckGo kistari hupunguza tu kurasa zenye neno hilo bila kuzifuta zote. Na utafutaji ukirudi mtupu, ondoa sharti moja baada ya jingine, ukianza na filetype, kwa sababu huenda taarifa unayoitaka imewekwa kama ukurasa wa kawaida wa tovuti.