Kabla hujapanda ndege kwenda kufanya majaribio Ulaya

Wadogo zangu mnaocheza ndondo, soka la mtaani, hapa Mbagala, nilipokuwa na miaka 19 nilimpa "wakala" laki nane za mama. Nikabaki na fotokopi ya barua ya mwaliko, nembo ya klabu imevuja wino upande mmoja.

Anza na umri. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Anayekuahidi Ulaya ukiwa na 16, mwachie soda yake. Na miaka usipunguze: cheti cha kuzaliwa na pasipoti vikigongana, umekwisha.

Wakala awe na leseni ya FIFA. Chukua jina lake kamili, ulitafute kwenye orodha yao mtandaoni. Ukipewa barua ya mwaliko, piga simu klabuni kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si ile ya chini ya barua. Mimi nilipiga ya chini. Akapokea wakala mwenyewe, kabana pua.

Video iwe na mechi nzima. Mabao kila mtu anayo. Skauti, yaani msaka vipaji wa klabu, anataka kuona unafanya nini ukishapoteza mpira. Beba na njumu zenye meno ya chuma, nyasi za kule zinaloa.

Halafu msidharau njia ndefu. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, 2011, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, ndipo Genk ya Ubelgiji wakamchukua Januari 2016. Karibu miaka mitano Lubumbashi!