Jinsi ya kuisoma kesi ya Patty Hearst bila kupotea

Usianzie kwenye picha ya benki, ile inayomwonyesha Patty Hearst, binti wa familia tajiri ya magazeti Marekani, akiwa na bunduki katika uporaji pamoja na waliomteka. Anza 6 Novemba 1973, kundi la SLA (Symbionese Liberation Army, wapiganaji wa mrengo wa kushoto wa California) lilipomuua Marcus Foster, mkuu wa shule za Oakland, ndipo uje Berkeley, Hearst alikotekwa na kundi hilo 4 Februari 1974. Hesabu siku: hadi uporaji wa Benki ya Hibernia, 15 Aprili, ni 70. Wengi huziruka, na ndizo zilizobishaniwa mahakamani: alilazimishwa au aliridhia? Kwa ushahidi wake, wiki kadhaa alifungiwa kabatini, kitambaa machoni.

Itazame nembo ya SLA, swila mwenye vichwa saba. Kila kichwa kina neno la Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Usikimbilie Azimio la Arusha; maneno haya yametoka Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa Marekani 1966. Kiongozi wao, Donald DeFreeze, alijiita Cinque Mtume.

Hearst alihukumiwa kifungo kwa uporaji huo; usichanganye Rais Carter, aliyempunguzia kifungo 1979, na Rais Clinton, aliyempa msamaha 2001.

Na kwenye orodha yako mwandike Myrna Opsahl, mama wa watoto wanne, aliyeuawa kwa risasi SLA ilipopora benki huko Carmichael, California, 21 Aprili 1975. Mara nyingi huachwa, na si haki.