Jinsi ya Kukusanya Saini za Ombi la Kibinadamu Zisije Zikakataliwa

Ukijitolea kukusanya saini, wengi watakuuliza umepata ngapi. Mimi huuliza ngapi zitapita. Ombi likishawasilishwa huenda likahakikiwa mstari kwa mstari, na jina lisilosomeka halihesabiwi.

1. Jua masharti ya anayepokea ombi. Muulize mratibu: nani anaruhusiwa kusaini, kuanzia umri gani, na mwisho ni lini? Masharti hutofautiana sana. Kwenye tovuti ya maombi ya Bunge la Uingereza, saini 10,000 hupata jibu la serikali, na 100,000 hufanya ombi lifikiriwe kujadiliwa. Umoja wa Ulaya, kwa ombi la raia la kutaka sheria ipendekezwe, unataka saini milioni 1, na idadi ya chini ifikiwe katika nchi wanachama zisizopungua 7. Maombi mengine hayana kiwango chochote, nguvu yake ni shinikizo tu.

2. Andaa fomu. Maneno ya ombi yawe juu ya kila ukurasa, la sivyo hakuna kinachoonyesha mtu alikubali nini. Beba kibao kigumu cha kuandikia na kalamu kadhaa, maana moja lazima itaondoka na mtu. Kama unaruhusiwa kusaini, anza wewe. Watu hawapendi kufungua ukurasa mtupu.

3. Simama mahali watu wanaposubiri, si wanapokimbilia, na uombe ruhusa ya mwenye eneo. Kisha sema kwa ufupi: “Habari za leo, dada. Tunaomba njia ifunguliwe ili chakula na dawa viwafikie raia waliozingirwa. Utatuunga mkono kwa saini?” Picha za majeruhi ziache nyumbani. Humfanya mtu ageuze uso, na aliye kwenye picha hakuulizwa.

4. Mwache asome, aandike mwenyewe. Hapa ndipo saini nyingi huharibikia. Atakuja mama akuambie, “Niwekee na ya mume wangu, hana neno.” Mjibu kwa upole: “Mama, akipita mwenyewe nitampokea.” Mistari miwili yenye mwandiko mmoja huonekana upesi, na ikishaonekana, ukurasa mzima hutiliwa shaka. Asiyejua kusoma, msomee ombi lote, bila kufupisha. Kama masharti yanaruhusu dole gumba, fuata utaratibu wake wa shahidi. Kabla hajaondoka, tazama jina: kama wewe huwezi kulisoma, mhakiki naye hataweza. Mwombe aliandike tena kwa herufi kubwa.

5. Anayekataa, mshukuru. Ukibishana naye, kumi watapita nyuma yako.

6. Linda majina. Funika mistari iliyokwisha kujazwa kwa karatasi, ili anayesaini asisome simu ya jirani yake. Usipige picha fomu kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa kujivunia idadi. Kuna maombi ambayo orodha yake ikiangukia mikono mibaya, mtu anaweza kupoteza kazi au uhuru wake. Na namba ulizopewa si za kutumia kwa shughuli nyingine.

7. Hesabu jioni hiyohiyo. Mstari wenye kasoro uwekee alama na umwachie mratibu aamue, usiurekebishe mwenyewe. Andika namba za kurasa, kabidhi fomu halisi mkono kwa mkono, na mpokeaji akuandikie idadi ya kurasa alizopokea.