Jinsi ya Kuomba Picha za Dunia Kutoka Angani, Mpya na za Zamani

Kabla hujafungua tovuti yoyote, andika mambo matatu kwenye karatasi: mahali, tarehe, na ukubwa wa kitu unachotaka kukiona. Hilo la tatu ndilo linaloangusha wengi. Pikseli moja, yaani nukta ndogo kabisa ya picha, ya setilaiti za sasa za Landsat za Marekani hufunika mita 30 kwa 30 za ardhi. Ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya, katika bendi zake (tabaka za picha, kila moja kwa aina yake ya mwanga) zilizo makini zaidi, mita 10 kwa 10. Msitu uliofyekwa, ziwa lililopungua au mji uliotanuka utauona vizuri. Nyumba moja itakuwa doa, na gari usijisumbue kulitafuta. Ikiwa mgogoro wako ni wa mpaka wa kiwanja, picha hizi za bure hazitakusaidia. Nenda kwenye idara ya upimaji na ramani ya nchi husika uulizie picha zilizopigwa kwa ndege, au ununue kwa kampuni zenye setilaiti za kuona vitu vidogo.

Kama mita 30 zinakutosha, pa kuanzia ni EarthExplorer, tovuti ya Shirika la Jiolojia la Marekani. Kumbukumbu za Landsat zinaanzia mwaka 1972, na tangu 2008 hazilipiwi. Kutazama kunawezekana bila akaunti, ila huwezi kupakua wala kuagiza kitu mpaka ujisajili. Fomu itakuuliza jina, anwani, barua pepe na kazi unayotaka kuifanya kwa picha hizo. Jibu kwa ukweli, kwa maneno machache. Hakuna mtihani hapo. Kisha fungua barua pepe uthibitishe usajili, na kama huioni, tazama kwenye taka.

Ukishaingia, weka mahali. Unaweza kubofya kwenye ramani au kuandika latitudo na longitudo. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi: ukisahau alama ya kutoa, utaletewa picha za upande mwingine wa dunia na utashangaa bahari imetoka wapi. Tarehe nazo zina mtego wake, maana mwezi hutangulia siku. 03/04 hapo ni tarehe 4 Machi, si tarehe 3 Aprili.

Sasa chagua mkusanyiko. Kwa picha za karibuni chukua Landsat 8 na 9. Kila moja hurudi palepale baada ya siku 16, na kwa kuwa zinapishana, zote mbili kwa pamoja hukupa picha kila baada ya siku 8. Utaulizwa pia kiwango cha uchakataji: cha pili kimeshaondolewa athari za hewa, nacho ndicho kinachofaa ukilinganisha miaka. Kuwa mwangalifu na Landsat 7. Kifaa chake kimoja kiliharibika Mei 2003, na picha za baada ya hapo zina mistari mitupu.

Kuhusu mawingu, usikimbilie kuweka kikomo cha asilimia 10. Asilimia ile hupigwa kwa picha nzima, ambayo ina upana wa kilomita 185. Picha yenye mawingu asilimia 60 inaweza kuwa safi kabisa juu ya eneo lako, na yenye asilimia 5 ikaweka wingu lake lile moja juu ya kijiji unachokitafuta. Mimi huacha kikomo wazi kisha natazama picha ndogo za mfano moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini nimeokota nyingi nzuri kwa njia hiyo. Ukiipata yako, nakili namba yake ya utambulisho kabla ya kupakua. Faili kamili hukaribia gigabaiti 1, kwa hiyo kama intaneti yako ni ya kupima, chukua bendi unazozihitaji tu.

Sentinel ni mali ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya, wenye tovuti yake na akaunti yake. Utaratibu unafanana, kwa hiyo sitaurudia. Jambo moja tu: mahali ambapo mawingu hayaondoki, omba Sentinel-1. Hiyo hutumia rada, na rada hupenya mawingu na giza la usiku.

Utamu zaidi uko kwenye picha za zamani. Mwaka 1995 Marekani iliondoa siri kwenye picha zaidi ya 860,000 za setilaiti zake za kijasusi, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972. Zimo humohumo EarthExplorer, kwenye kundi la picha zilizoondolewa usiri. Nyingine zimeshaskaniwa na unazipakua bure. Zile ambazo bado ni filamu unaziagiza: iweke kwenye kikapu, jaza anwani, lipa kwa kadi (ada imekuwa dola 30 kwa fremu kwa miaka mingi), halafu usubiri barua pepe yenye kiungo. Ikishaskaniwa kwa fedha zako, mtu mwingine yeyote ataipakua bure, kwa hiyo chuja kwanza kwa kigezo cha zinazopatikana kupakuliwa, huenda mwenzako ameshakulipia.

Filamu hizi haziji na taarifa ya mahali zilipo kwenye ramani. Ukiifungua kwenye QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, itaelea popote hadi uifunge kwa alama zisizohama: ncha ya mwamba, njiapanda ya zamani. Mti usiutumie. Kingo za mto nazo ziangalie mara mbili, kwa sababu katika miaka 60 mto unaweza kuwa umehama na usikuambie.