Gemu Moja, Konsoli Tofauti: Jinsi ya Kupima Mwenyewe Kabla ya Kununua

Mteja akiingia kwenye chumba changu cha gemu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, na kuniuliza, "Boss, ninunue PS4 ya mtumba au nijikaze nipate PS5?" namuuliza kwanza anacheza gemu gani. Kuna gemu ambazo ukizihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine unapata kitu kipya kabisa, na kuna nyingine ambazo tofauti yake ni ndogo mno kulipia pesa ya ziada. Jina la konsoli halikuambii ni ipi. Lazima upime.

Vifaa vinavyohitajika ni vya kawaida: tivi moja, simu yenye kurekodi video ya mwendo wa polepole, daftari, na rafiki wa kukushikia simu. Konsoli ya pili unaweza kuazima, au ulipie saa moja kwenye chumba cha gemu mtaani kwenu.

Hatua ya 1: Jua toleo lililo mbele yako

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na bila hiyo vipimo vingine vyote ni bure. Chukua FIFA 23, iliyotoka Septemba 2022. PS4 na Xbox One zilipata toleo moja. PS5, Xbox Series na kompyuta zikapata jingine, lenye HyperMotion2, mfumo unaojenga mikimbio na mikabano kutokana na wachezaji halisi waliorekodiwa wakicheza. Nintendo Switch ikapata Legacy Edition: vikosi na jezi vya msimu mpya, uchezaji wa miaka iliyotangulia. Majalada matatu, jina moja, gemu tatu. Mwaka uliofuata FC 24, mrithi wa FIFA 23 kwa jina jipya, ikaletwa Switch kwa injini ya Frostbite, yaani programu ya msingi inayoiendesha gemu, kwa hiyo hata hukumu uliyoisikia kuhusu toleo la mwaka mmoja haikufai mwaka unaofuata.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye FIFA 23 ambalo kwa vijana wengi lilikuwa zito kuliko picha. Kucheza mtandaoni kati ya konsoli tofauti kuliruhusiwa ndani ya kizazi kimoja tu: PS4 na Xbox One upande wao, PS5, Xbox Series na kompyuta upande wao. Kama beshte zako wote walikuwa PS4, toleo la PS5 lilikutenga nao, na ilibidi uweke lile la PS4 kwenye PS5 yako ndipo mkutane.

PS5 yenye mlango wa diski inasoma diski za PS4, na hapo ndipo mtu hulinganisha kitu na chenyewe bila kujua. Ukiingiza diski ya PS4, huenda unacheza toleo la PS4 kwenye mashine ya bei ghali. Weka kiteuzi juu ya gemu, bonyeza kitufe cha Options, fungua taarifa zake, usome kama ni ya PS4 au PS5 na ni sasisho namba ngapi. Andika zote mbili daftarini.

Sasisho lina uzito wake. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, hali yake kwenye PS4 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni mwezi huohuo, na haikurudi hadi Juni 2021. Diski iliyochapishwa siku ya kwanza bado ina gemu ya siku ya kwanza. Bando inauma, najua, kwa hiyo tafuta nyumba yenye faiba uache konsoli ishushe sasisho usiku. Ukipima moja ikiwa imesasishwa na nyingine haijasasishwa, hujalinganisha konsoli.

Hatua ya 2: Tivi moja, tundu moja

Usiweke PS4 kwenye tivi ya sebuleni na PS5 kwenye ya chumbani. Tumia tivi ileile, waya uleule wa HDMI, tundu lilelile. Tivi nyingi zina hali ya gemu inayozima urembo wa picha ili kupunguza ucheleweshaji. Iwashe, kisha uhakikishe bado imewaka baada ya kubadilisha konsoli, kwa sababu baadhi ya tivi hukumbuka mpangilio kwa kila tundu peke yake.

Gemu yenyewe ikiwa na hali mbili, ya kasi na ya ubora wa picha, pima kila hali kivyake.

Hatua ya 3: Chagua tukio linaloielemea mashine

Menyu haipimi kitu. Kwenye mpira, cheza bila mtandao: uwanja uleule, timu zilezile, mvua inyeshe, kamera ileile. Pata kona. Wachezaji wakijazana kwenye boksi na nyavu zikitikisika, mashine dhaifu hujitambulisha. Kwenye gemu za jiji, endesha gari kwa kasi barabara ileile wakati uleule wa siku ndani ya gemu. Kwenye gemu za vita, rusha bomu penye moshi na watu wengi.

Rudia tukio hilo mara kadhaa kwa kila konsoli. Likitokea tatizo mara moja halafu lisionekane tena, liandike lakini usilitegemee.

Hatua ya 4: Hesabu fremu kwa simu

Hiki ndicho kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote, kwa sababu mchezaji hukihisi mkononi hata kama hajui jina lake. Fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda mwendo. Gemu ya fremu 30 kwa sekunde inakupa picha mpya kila milisekunde 33. Fremu 60 ni kila milisekunde 17 hivi, na 120 ni karibu 8.

Weka simu kwenye mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde na urekodi tivi wakati kamera ya gemu inazunguka. Kisha ipitie video fremu moja moja. Tivi ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani mara moja kila fremu nne za simu. Picha ya gemu ikisogea kila baada ya fremu nne, hiyo ni 60. Ikisogea kila baada ya nane, ni 30. Ikisogea nne, kisha nane, kisha nne, umeupata ule mkwamo ambao watu huuita "gemu kukwama" bila kuweza kuuonyesha.

Fortnite inafaa sana kwa zoezi hili kwa kuwa ni ya bure. Kwenye Switch ya kwanza inaenda kwa fremu 30, kwenye PS4 kwa 60, na PS5 ina hali ya 120. Ile 120 haitaonekana kwenye tivi ya herzi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hivyo kama tivi yako ni ya kawaida, usimlipe muuzaji kwa ajili yake. FIFA nayo hulenga 60 uwanjani kwenye PS4 na PS5, ndiyo maana anayecheza mpira peke yake asitarajie mshtuko kwenye kipimo hiki. Tofauti yake iko kwenye mienendo tuliyoona hatua ya kwanza.

Sasa pima pedi. Mwambie rafiki akae na simu mahali ambapo kidole chako na tivi vyote vinaonekana. Bonyeza kitufe cha kupiga pasi. Kwenye video, hesabu fremu kuanzia kidole kinapokibonyeza kitufe hadi mguu wa mchezaji unapoanza kusogea. Kila fremu ya simu ni milisekunde 4.2 hivi, kwa hiyo fremu 24 ni takriban milisekunde 100. Ucheleweshaji wa tivi umo ndani ya hesabu hiyo, na ndiyo sababu nilisisitiza tivi moja.

Usitegemee video za konsoli yenyewe

PS4 ya kawaida hurekodi kwa 720p (namba hizi, hadi 1080p, 1440p na 4K, hupima wingi wa nukta za picha: zikipanda, picha ni kali zaidi) na fremu 30, hata kama gemu inaenda 60. Switch hunasa sekunde 30 za mwisho, nazo kwa fremu 30. PS5 inaweza kufika 4K na fremu 60. Ukizipanga video hizo kando kwa kando, PS4 itashindwa kwa kosa la kinasa chake. Vivyo hivyo ukitazama ulinganisho kwenye YouTube kwa 480p ili kuokoa bando, huoni fremu 60, kwani YouTube huzionyesha kuanzia 720p kwenda juu. Kipande kifupi kwa 720p kina manufaa kuliko video nzima kwa 480p.

Hatua ya 5: Muda wa kupakia

Zima gemu kabisa, iwashe, anza saa, uisimamishe unapoweza kusogea. Kwenye Xbox Series, kipengele cha Quick Resume hurudisha gemu ulipoiachia, kwa hiyo hakikisha umeifunga. PS4 ya mtumba muulize fundi kama diski kuu ya kuhifadhia gemu imebadilishwa kuwa SSD, hifadhi ya kasi zaidi. Zilizobadilishwa hazikuonyeshi PS4 ilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 6: Picha, mwishowe

Naiweka mwisho kwa makusudi. Kaa pale utakapokaa kila siku. Kwenye tivi ya inchi 32 ya 1080p, tofauti kati ya Xbox Series S, inayolenga 1440p, na Series X, inayolenga 4K, ni ndogo kwa mtu aliye mita mbili mbali. Tazama nyasi za mbali, waya za stima, ukingo wa paa: mahali ambapo mistari myembamba humetameta picha inapotembea. Picha iliyosimama hudanganya.

Wenye PS2 bado wapo, na wao wana jambo lao. Kenya ilitumia PAL, mfumo wa tivi wa picha 50 kwa sekunde, ilhali Marekani ilitumia 60. Gemu iliyotengenezwa kwa 60 na kuletwa PAL bila kurekebishwa ilienda polepole kwa karibu asilimia 17. Ukikumbuka gemu fulani ikiwa nzito kuliko unavyoiona sasa mtandaoni, huenda ulicheza diski ya Ulaya.

Hatua ya 7: Daftari kwenda Luthuli

Kabla ya kwenda Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki jijini Nairobi, andika kila konsoli na mstari wake: toleo, sasisho, fremu kwenye tukio zito, ucheleweshaji wa pedi, muda wa kupakia. Ongeza safu moja ambayo wapimaji wa ng'ambo huisahau: diski. Series S haina mlango wa diski, kwa hiyo kila gemu utanunua mtandaoni na hutaweza kubadilishana na jirani wala kuiuza ukiichoka. Kwa mtu anayeishi kwa kubadilishana diski, safu hiyo naipa uzito sawa na fremu.

Ukinunua diski ya mtumba, angalia nchi yake. Kwenye PlayStation, nyongeza za kununua mtandaoni hudai akaunti ya eneo lilelile la diski, na hapa wengi wetu tuna akaunti za Uingereza au Marekani. Kisha mwombe muuzaji aunganishe konsoli mbele yako, fungua gemu unayoicheza, nenda moja kwa moja kwenye lile tukio zito, na utoe simu.