Namna ya kufanya grafiti ielee juu ya sumaku, na kuipandisha zaidi

Wengi wakitaka kitu kielee juu zaidi hukimbilia kununua sumaku kubwa. Hela hiyo inapotea. Grafiti husukumwa kidogo na sumaku, na kinachoiinua ni uga sumaku (nguvu ya sumaku mahali fulani, hupimwa kwa tesla) ukizidishwa na kasi yake ya kupungua kadiri unavyopanda. Grafiti ya pirolitiki, ile ya kiwandani yenye tabaka zilizopangika, inataka kama 60 T²/m (tesla mara tesla kwa mita), mfano tesla 0.4 zinazopungua kwa tesla 0.15 kila milimita. Sumaku kubwa uga wake hupungua polepole. Ndogo zilizopangwa vizuri zinafika. (Maji yanataka takriban 1400, ndiyo maana chura aliyeeleeshwa kwa sumaku huko Nijmegen, Uholanzi, mwaka 1997, alihitaji tesla 16.) Fikra ni ileile ya metamateria, yaani vitu vilivyoundwa kwa vipande vidogo vilivyopangwa maalumu: sifa inatokana na mpangilio, dutu peke yake haitoshi.

Hatua ya 1. Tafuta sumaku nne za neodimia za mchemraba, kila upande milimita 10, kibao cha chuma, na kipande cha grafiti ya pirolitiki chenye unene usiozidi milimita 1. Grafiti ya penseli achana nayo, imechanganywa na udongo. Watoto wakae mbali, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie.

Hatua ya 2. Zipange kwenye chuma kama bao la drafti: kaskazini juu, kusini juu, kwa kupishana. Kila moja iingize kwa kuitelezesha kutoka pembeni. Ukiishusha kutoka juu itaruka na kukubana kidole.

Hatua ya 3. Kwa kibano cha plastiki, laza grafiti pale pembe nne zinapokutana. Pitisha karatasi chini yake. Ikipita bila kukwama, kitu kinaelea.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye faida kubwa. Bandika selotepu juu ya grafiti, uibandue: tabaka jembamba linalong'aa linatoka nayo. Rudia. Kipande kinapanda, kwa sababu msukumo umejaa karibu na uso wa sumaku, na tabaka za juu zilikuwa mzigo tu.

Hatua ya 5, kwa anayetaka. Jaribu mpangilio wa mwanafizikia Klaus Halbach: kati ya sumaku inayotazama juu na inayotazama chini, laza moja kwa ubavu. Uga unahamia upande mmoja. Sumaku zitasukumana, kwa hiyo tumia epoksi na fremu ya mbao. Lakini juu ya upande huo uga unakaribiana kote, grafiti haina bonde la kutulia, inateleza. Weka vizuizi vya plastiki. Mpangilio huu mwanafizikia Richard Post aliutumia kubuni Inductrack, mfumo wa treni inayoelea kwa sumaku, nako unafaa. Mezani nabaki na drafti.

Hatua ya 6. Ukitaka kipande kitikisike muda mrefu, mathalani kwa kupima mtetemo, kikate nyufa nyembamba kwa wembe. Nyufa hukatiza mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya grafiti, ambayo ndiyo huipunguzia mwendo. Zikate kwa kupishana kutoka pande mbili, na uache kila ufa bila kufika mwisho, la sivyo kipande kitaachana.